Rekodi Huvunjwa, Sifa Hubaki

Askari anayetoka Bukoto, jirani na Naguru yalipo makao makuu ya Polisi ya Uganda, akashika Barabara ya Kira na kupita Kamwokya, hakawii kufika Nakasero. Huko ipo barabara inayoitwa kwa jina la askari mwenzake, John Akii-Bua.

Akii-Bua alizaliwa Lango mwaka 1949, akajiunga na Polisi angali kijana. Alishiriki mashindano ya michezo kumi, ambamo mtu mmoja hutakiwa kukimbia, kuruka, kutupa tufe na kurusha mkuki. Lakini uwezo wake mkubwa ulidhihirika katika mita 400 za kuruka viunzi. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alishika nafasi ya nne. Hakukata tamaa. Chini ya kocha Malcolm Arnold, Mwingereza, alifanya mazoezi akiwa amevaa fulana ya uzito wa kilo 11 hivi, akiruka viunzi vilivyoinuliwa kupita kimo cha mashindano.

Tarehe 2 Septemba, 1972, mjini Munich, alipangiwa njia ya kwanza, ya ndani kabisa, ambayo kona zake ni kali na wakimbiaji wengi huichukia. Hakunung'unika. Alimaliza kwa sekunde 47.82, akawa mtu wa kwanza duniani kuukimbia mwendo huo chini ya sekunde 48. Nyuma yake walikuwa Ralph Mann wa Marekani na David Hemery wa Uingereza, aliyekuwa bingwa wa mwaka 1968. Hiyo ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Uganda katika Olimpiki.

Baada ya hapo njia ilijaa viunzi vya namna nyingine. Mwaka 1976 Uganda ilijitoa Montreal pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya makaburu. Huko huko, bingwa akiwa hayupo, Edwin Moses wa Marekani aliivunja rekodi yake. Mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka, Akii-Bua alikimbilia Kenya akawekwa katika kambi ya wakimbizi, kisha akapata hifadhi Ujerumani Magharibi. Hatimaye alirudi nyumbani, akawafundisha vijana. Alifariki Juni 1997, akiwa na umri wa miaka 47, na taifa likamzika kwa heshima.

Uganda ilingoja miaka 40 kabla ya kupata dhahabu nyingine ya Olimpiki, ile ya Stephen Kiprotich katika mbio za marathoni, London, 2012. Baadaye Joshua Cheptegei, naye askari polisi, alishinda Tokyo na Paris.

Funzo liko wazi. Rekodi ni ya kuvunjwa, lakini sifa iliyochumwa kwa nidhamu haina wa kuivunja. Hata hivyo, jina la barabarani halimlishi bingwa. Heshima anayopewa kaburini ingemfaa zaidi angali hai. Kila kamanda mwenye kijana hodari kikosini mwake na amtunze leo, ili kesho taifa lisije likajuta.