Ng'ombe wa Mume na Mke

Huku Kilimanjaro ng'ombe wengi hufugwa zizini karibu na nyumba. Hawaendi malishoni, bali majani huwafuata. Nani huyaleta? Mara nyingi ni mke, kichwani, toka tambarare. Yeye ndiye akamaye, azoaye samadi ya kutilia migomba, na wa kwanza kumwona kupe sikioni, kabla ndigana haijaua. Lakini siku ya mnada mume hushika kamba peke yake. Je, ni haki? Ng'ombe huchukua mimba miezi 9. Amwuzaye pasipo shauri huenda akauza na ndama asiyemjua. Basi, enyi waume, ulizeni kwanza nyumbani. Zizi la wawili halina bwana mmoja.