Muache shodieri Bulaya, mulete akili yake

Maneno yaliyotolewa kwa jina la komite mbele ya wanamemba na wasaidizi wetu, Lubumbashi, mwanzo wa majira ya baridi

Ninyi wandugu muliobaki Bulaya mutasoma maneno haya katika gazeti letu. Ninyi njo munajaza sanduku pamoja na sisi, kwa hiyo munapaswa kujua franka zinafanya kazi gani.

Kila mwaka, baridi ikianza kuuma, swali moja linarudi katika mikutano yetu. Wanaolileta ni wale waliokaa miaka mingi kule ngambo. Banasema hivi: "Kule tulikuwa na shodieri ku ukuta. Unafungula robine, mayi ya moto inatoka. Juu ya nini hatuwezi kuleta moya huku?" Na wengine Bulaya wanatuandikia kwamba wamebadilisha shodieri yao, ile ya zamani ingali nzima, waitie katika kontena?

Jibu letu ni fupi: muache chombo, mulete akili yake. Lakini jibu fupi bila maelezo ni kama bukari bila mboga. Tuchukue wakati.

Kwanza tuelewe chombo chenyewe. Wengi wetu tuliishi nacho Liège, Bruxelles ao Lille bila kujua ndani yake munapita nini. Shodieri inachoma gazi. Gazi ikiwaka inatoa joto, na inatoa pia mvuke wa maji. Zamani mvuke ule ulipanda katika bomba la moshi na kupotea angani pamoja na joto lake. Shodieri za sasa, zile za kondensasio, zinapitisha moshi karibu na maji yanayorudi kutoka katika radiatere, maji yaliyokwisha kupoa. Mvuke ukigusa baridi ile unageuka matone, kama mvuke wa maji ya bukari unavyofanya chini ya kifuniko cha sufuria. Na ukigeuka matone, unaachia joto uliokuwa umebeba. Joto lile linarudi nyumbani pahali pa kwenda kuchoma ndege angani. Tangu Septemba 2015, kanuni za Umoja wa Ulaya zimefanya karibu kila shodieri mpya ya gazi ya nyumbani kuwa ya namna hii.

Sasa musikilize vizuri, kwa sababu hapa njo penye somo. Ili mvuke ugeuke matone, maji yanayorudi yanapaswa kuwa chini ya digrii 55 hivi. Mtu anayesukuma radiatere zake kwa maji ya digrii 80 siku zote amenunua chombo kipya lakini anakitumia kama cha zamani. Halafu matone yale yana asidi kidogo; yanatoka kwa kabomba ka plastiki, na kabomba kale kakiziba chombo kinajizima chenyewe. Kwa hiyo kule fundi anapita kwa tarehe. Ufaransa sheria inaomba kila mwaka. Flandria kila miaka 2. Uzuri wa shodieri hauko katika chuma peke yake. Uko katika matumizi na katika ile tarehe ya fundi.

Basi kwa nini tusilete? Mu Lubumbashi hakuna bomba la gazi chini ya barabara. Chupa za gazi ziko, lakini chombo kilichopangwa kwa gazi ya bomba hakikubali gazi ya chupa mpaka fundi anayekijua akipange upya. Ndani yake kuna pompi, vantilateri na karte ya elektroniki. SNEL ikikata umeme, shodieri inalala hata kama gazi imejaa. Kipande kikivunjika, utakingoja kutoka Bulaya. Na tena, baridi yetu si baridi ya radiatere. Tuko juu, karibu metre 1,200, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba unauma kweli, lakini saa sita mchana unavua pulovere. Hatuna lazima ya kupasha moto kuta za nyumba miezi sita. Tuna lazima ya ndoo ya kuoga asubuhi, maji ya mtoto mchanga, maji ya mzee mwenye kuumwa na viungo.

Akili ya shodieri tunaweza kuigawa mara tatu: moshi uende nje, joto lisipotee bure, fundi apite kwa tarehe. Tuangalie moja moja hapa kwetu.

Moshi uende nje. Shodieri ya kisasa imefungwa kabisa: inavuta hewa ya nje na kutupa moshi nje, kwa bomba ndani ya bomba. Hewa ya nyumba haigusi. Mbabula yetu inafanya kinyume: inakula hewa ya nyumba, na moshi wake inauacha humo humo. Mchana, nje ya mulango, si shida. Usiku wa baridi, katika chumba cha batoto, madirisha yamefungwa na nguo imetiwa chini ya mulango, njo shida kubwa.

Watu wengi wanazani kwamba makala ikiisha kuwa nyekundu bila moshi, hatari imepita. Hapana. Hewa mbaya ya makala, ile wanayoita monoksidi ya kaboni, haina rangi, haina harufu, haikoholeshi. Inaingia katika damu na kushika pahali pa oksijeni, kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kichwa kinauma, macho yanazunguka, mtu anataka kutapika, halafu usingizi mzito unakuja. Anayelala katika usingizi ule anaweza asiamke. Na kwa sababu hakuna kidonda wala homa, jamaa linaanza kutafuta mchawi, na jirani anakosana na jirani kumbe mwenye kuua ni mbabula.

Kwa hiyo kanuni ya mutuelle ni moja, na hatutaipunguza: mbabula hailali ndani ya nyumba. Hata dakika chache "ili chumba kipate joto tu", hapana. Mukikuta mtu amelegea katika chumba chenye mbabula, mufungue mulango na madirisha, mumutoe nje haraka, mumupeleke hospitali akapewe oksijeni, hata kama amesema sasa yuko muzuri. Mzee anayesikia baridi usiku, mumupe blanketi la pili na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri katika kitambaa. Yule asiye na blanketi la pili, aje kwa komite bila haya. Blanketi ni bei rahisi kuliko matanga.

Joto lisipotee bure. Tufanye hesabu kidogo. Kupasha ndoo ya litre 20, kutoka digrii 20 mpaka 40, kunaomba nguvu ya karibu nusu ya kilowati-saa moja. Kama joto lote la makala lingeingia katika maji, gramu 60 zingetosha. Lakini mbabula ya bati iliyo wazi inaingiza katika sufuria sehemu moja hivi kwa tano. Zingine zinapasha upepo. Kwa hiyo tunachoma karibu gramu 300 kwa ndoo moja. Na kilo moja ya makala inaomba kilo 6 mpaka 10 za kuni katika tanuru la udongo. Ndoo moja ya kuoga, kilo 2 ao 3 za miti ya miombo! Wale wazee walioona Lubumbashi ya zamani wanajua pori lilianza wapi. Leo makala inatoka mbali, kwa kinga na kwa kamyo, na mbali ile munailipa ninyi wamama kila munaponunua mufuko.

Dawa ya kwanza haina bei: kifuniko juu ya sufuria, na sufuria inayofunika mbabula vizuri. Dawa ya pili ni mbabula yenye udongo wa kuchomwa ndani, unaoshika joto lisikimbie pembeni. Dawa ya tatu ni kutia katika termosi maji ya moto yanayobaki jioni, asubuhi yanapunguza kazi.

Dawa ya nne iko juu ya vichwa vyetu. Bulaya, baridi inakuja pamoja na mawingu. Jua linakimbia wakati wanalihitaji. Huku kwetu baridi inakuja wakati mvua imekwisha na mbingu iko wazi. Siku zile tunazotaka maji ya moto njo siku zile jua linawaka bila wingu. Chombo cha jua cha kupasha maji hakiombi umeme wala pompi: kioo na mabomba meusi chini, tanki juu yake, na maji yakipata moto yanapanda yenyewe. Hapa tuko kusini ya ikweta, basi kioo kiangalie kaskazini. Anayekiweka kama alivyoona Bulaya, kikiangalia kusini, atapoteza jua la mwezi wa sita. Na kwa sababu ya vumbi letu jekundu, kioo kipanguzwe kila juma wakati wa kiangazi. Asiye na uwezo, atie maji katika bidoni nyeusi juani kutoka saa tatu asubuhi mpaka saa tisa. Hayatachemka, lakini yatatoa ubaridi, na mbabula itakula makala kidogo.

Fundi apite kwa tarehe. Hapa tunasema na wenye boila ya umeme, kwa sababu ziko katika lupango nyingi. Boila ya litre 80, kutoka digrii 20 mpaka 60, inaomba karibu kilowati-saa 3.7. Yenye rezistansi ya wati 1,500 inamaliza kwa saa mbili na nusu. Ukichanganya maji yale na ya baridi, unapata ndoo 8 za kuoga. Umeme ukija usiku saa tatu tu, familia imeoga asubuhi, kama boila inashika joto vizuri.

Lakini boila nyingi zinakufa mapema, na wauaji wanajulikana. Wa kwanza ni chokaa. Ule ukoko mweupe munaouona chini ya birika unashika pia rezistansi, unazuia joto kuingia katika maji, na rezistansi inaungua. Wa pili ni kutu. Ndani ya boila muna fimbo ya magnesiamu, inaitwa anodi. Kazi yake ni kuliwa na kutu pahali pa tanki. Ikiisha kuliwa na hakuna aliyeibadilisha, tanki njo linafuata. Fimbo ile ni bei ndogo, tanki ni bei kubwa. Fundi aifungue na kuiangalia kila mwaka, na siku ile ile atoe chokaa.

Wa tatu ni mikono yetu. Maji yakipata moto yanavimba. Katika boila ya litre 80 inazidi litre moja hivi, na inapaswa kutoka kwa supapu ya usalama. Supapu ikitonatona wakati boila inapasha, haijaharibika, inafanya kazi. Musiifunge kwa kizibo wala kwa mpira! Tanki lisilo na pahali pa kupumua linaweza kupasuka na kubomoa ukuta. Muizungushe mara moja kwa mwezi isikwame. Maji ya Regideso yakikatika, muzime dijonkteri ya boila, maana rezistansi ikiwaka bila maji imekwisha. Umeme ukirudi, mungoje kidogo utulie mbele ya kuiwasha. Na waya wa ardhi usikosekane: maji, umeme na mtu aliye uchi katika duche, hao watatu hawaombi kosa la pili.

Sasa komite inawaletea mapendekezo tutakayopigia kura leo. Mpaka sasa sanduku linakopesha mtu kwa kununua chombo. Tunapendekeza likopeshe pia kwa kukitunza: anodi, supapu, kutoa chokaa, waya wa ardhi. Chombo kitakachonunuliwa kwa mkopo wa sanduku kitaandikwa katika kaye ya matengenezo, na tarehe ya fundi itaandikwa siku ile ile ya kutoa franka. Vijana wetu wawili waliofanya kazi ya mabomba na umeme kule Bulaya wamekubali kufundisha wenzao, kila jumamosi, mu ofisi yetu.

Kwa ninyi wasaidizi wa ngambo, tunasema aksanti, na tunasema wazi: musitume shodieri ya zamani. Bei ya kuisafirisha ni mzigo, na hapa itakuwa kabati. Mutume vitu vidogo: anodi, supapu, termostati, na vile vyombo vya kulia kwa kelele hewa ya makala ikizidi, pamoja na pile zake. Vyombo vile vya kelele vitaanza na nyumba zenye wazee na batoto wachanga. Lakini havitoi ruhusa ya kuingiza mbabula ndani. Mlinzi akiwa mulangoni, mwizi hakaribishwi kwa hiyo.

Wanamemba wataandikwa kwa kaye leo nyuma ya mkutano, kwa meza ya mtunza sanduku. Wale wenye boila walete mwaka waliyoinunua, kama wanaukumbuka. Wale wenye mbabula tu, wasione haya kuja: kwao njo tutaanza, mbele ya mwezi wa sita kuingia.

Maulizo yenu tunayangoja.