Kabla Hujasafiri Kwenda Kazi Ughaibuni

Leo tunazungumza nawe unayejiandaa kwenda Saudi Arabia, Oman au nchi nyingine ya Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Wazazi nao wasogee karibu na redio.

Katika nchi nyingi za huko kuna utaratibu uitwao kafala: kibali chako cha kuishi hutegemea mwajiri mmoja. Ukiikimbia nyumba yake, hata kama unapigwa au hulipwi, anaweza kukuripoti kuwa umetoroka. Saudi Arabia ililegeza masharti hayo mwaka 2021, lakini wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje.

Hata hivyo, haki unazo. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unasema mfanyakazi wa nyumbani apumzike angalau saa 24 mfululizo kila wiki, alipwe angalau mara moja kwa mwezi, na akae na pasipoti yake mwenyewe.

Basi fanya haya. Hakikisha wakala wako amesajiliwa. Ukiwa Kenya, ulizia Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Usitie saini mkataba usiouelewa. Waachie jamaa nakala za pasipoti na mkataba, pamoja na anwani ya mwajiri. Nambari ya ubalozi ihifadhi kichwani, maana simu huweza kunyang'anywa.

Nawe mzazi, binti akipiga simu akilia, usimwambie avumilie tu. Chukua nakala zile, ripoti serikalini siku hiyohiyo. Anayekwenda kutafuta riziki anauza jasho lake. Utu wake hauuzwi.