Kazi ya Kwanza kwa Kijana Kiziwi
Hotuba ya Mwenyekiti katika Sherehe ya Miaka Kumi ya Kikundi, Lingeka



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha miaka kumi. Mweka hazina ameshasoma taarifa ya hisa na mikopo, hatutairudia. Kamati imeona leo tuzungumze jambo moja tu, nalo ni ajira ya vijana wetu viziwi wanapomaliza masomo.

Mtauliza, kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa kinahusikaje na mambo hayo? Kinahusika. Kila Januari mikopo tunayotoa mingi ni ya ada. Mmojawapo ulimsomesha binti wa mwenzetu, ambaye ni kiziwi tangu utoto. Jina hatulitaji, ila yeye na mama yake wameridhia tuseme habari zake. Alisoma shule ya bweni ya viziwi mbali na hapa, akaenda sekondari, akamaliza chuo akiwa na cheti cha utunzaji wa hesabu. Mama yake akarejesha mkopo wote, kwa pamba na kwa kuku. Binti akarudi nyumbani, akakaa miaka miwili bila kazi.

Sasa jamani, fedha ya hisa zetu ikisomesha mtoto, halafu cheti kikalala kabatini, hiyo ni hasara yetu sote.

Wapo wanaosema kiziwi hawezi kazi za ofisi. Sisi tulimfuatilia binti yetu hatua kwa hatua, tukaona kazi yenyewe anaiweza. Shida iko kwenye njia ya kuifikia, maana njia hiyo yote inataka masikio.

Huku kwetu nafasi za kazi tunazisikia gulioni, kisimani, redioni, na watu wanapotoka ibadani. Mtu anasema, "Pale kwenye kiwanda cha kuchambua pamba wanatafuta karani." Kijana kiziwi amekaa hapo hapo na habari haijamfikia. Akiandika barua ya maombi, anatakiwa aweke namba ya simu. Ofisi moja ilimpigia binti yetu, simu ikaita juu ya meza mpaka ikanyamaza, na nafasi akapewa mwingine. Ofisi nyingine ilimwita kwenye usaili, lakini mkalimani hapakuwa. Wasaili waliongea huku wameinamia karatasi, hata midomo yao haonekani vizuri. Mwisho wakamwandikia kwenye kikaratasi: "Tutakupigia."

Tena kuna suala la barua yenyewe. Lugha aliyoizoea kiziwi aliyekulia katika shule hizo ni lugha ya alama, nayo ina mpangilio wake wa maneno. Kiswahili cha kuandika anajifunza kama sisi Wasukuma tulivyojifunza Kiswahili darasani, tena yeye bila kukisikia. Kwa hiyo sentensi ikipinda kidogo, mwajiri asidhani akili nayo imepinda.

Ndugu wananchi, elimu ya viziwi si jambo geni katika nchi yetu. Shule ya kwanza ya viziwi ilianzishwa Tabora mwaka 1963 chini ya Kanisa Katoliki. Ile ya Buguruni, Dar es Salaam, ikafuata mwaka 1974. Chama cha Viziwi Tanzania, yaani CHAVITA, kipo tangu miaka ya 1980. Sheria nayo ipo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kuwa wasiopungua asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Kwa hesabu yetu ya darasa la saba, penye wafanyakazi 100 wawepo watatu. Lakini sheria haimfuati mwajiri mpaka mlangoni. Lazima wawepo watu wa kuikumbusha, na sisi tunaweza kuwa watu hao.

Na mahali pa kujifunza papo. Kule Iringa, Kanisa Anglikana lilianzisha Neema Crafts mwaka 2003, likaanza na vijana viziwi watatu tu. Baadaye wakafungua na mgahawa ambao wahudumu wake ni viziwi. Mteja anaandika anachotaka kwenye karatasi, na chakula kinafika mezani kama kwingine kote.

Basi nasi tukajiuliza, tuanzie wapi? Kila tangazo la kazi linataka uzoefu, na uzoefu haupatikani bila mtu wa kwanza kukuamini. Mwaka jana tulihitaji mtu wa kuandika daftari la hisa na marejesho. Tukakubaliana kumpa binti yetu kazi hiyo kwa miezi mitatu, kwa posho ndogo. Wenzetu wengine walikuwa na wasiwasi. Mmoja aliuliza, "Tukianza kubishana humu ndani, huyu atajuaje?" Ikabidi tuweke utaratibu: anayetaka kusema anyoshe mkono, aseme mmoja mmoja, na kila kiasi kiandikwe ubaoni kabla hakijaingia sandukuni. Kumbe utaratibu huo umetusaidia hata sisi tunaosikia, mikutano inaisha mapema.

Sanduku letu lina kufuli tatu na washika funguo watatu. Kila mkutano binti alifunga hesabu mbele yao, fedha zikahesabiwa, zikalingana na daftari. Miezi mitatu ilipotimia tulimwandikia barua yenye mhuri wa kikundi, ikieleza kazi aliyoifanya. Barua hiyo aliiambatanisha kwenye maombi mapya. Sasa duka moja la pembejeo mjini Bariadi limemchukua kwa majaribio, anahesabu mali ya stoo. Bado si ajira ya kudumu, tusidanganyane. Lakini ameingia mlangoni.

Kwa hiyo leo tunaomba mambo machache.

Kwa waajiri: mwiteni kijana kiziwi kwa ujumbe wa maandishi, msipige simu. Siku ya usaili pawe na mkalimani, na CHAVITA waulizwe mapema. Tena mpeni kazi aifanye mbele yenu, muone kwa macho.

Kwa Halmashauri: tunajua habari ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo isiyo na riba ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Tunaomba matangazo yake yabandikwe kwa maandishi hapa Lingeka, yasiishie kwenye kipaza sauti. Hata hivyo, mkopo usiwe kisingizio cha kumnyima mtu ajira. Si kila kiziwi anataka kufungua biashara. Aliyesomea hesabu apewe hesabu.

Kwa wazazi: kwenye barua ya maombi andikeni wazi kwamba mwombaji ni kiziwi, atumiwe ujumbe, na muweke namba ya ndugu atakayepokea simu. Nafasi za Serikali zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira zinawahimiza wenye ulemavu waombe na waeleze ulemavu wao, basi msione haya.

Na kwa sisi wanachama: neno "bubu" tuliache. Kila mkutano binti yetu atatufundisha alama tano. Tarehe 23 Septemba ni Siku ya Kimataifa ya Lugha za Alama, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 2018. Siku hiyo kila mwanachama aweze kumsalimia, kumwambia jina lake na kutaja hisa zake kwa mikono. Atakayeshindwa, kamati itajadili faini!

Wapo vijana wengine viziwi ambao bado wako shuleni, na ada zao zinatoka katika sanduku hili hili. Wakimaliza, wakute njia imeshafyekwa.

 Mungu akibariki kikundi chetu.