Mjumbe asiyefika, nani anamuuliza?



Sheria ya 2008 inasema kila shefferi iwe na baraza la washauri. Lakini kura ya washauri ya tarehe 20/12/2023 ilifanyika katika komini za miji mikuu ya majimbo tu. Bukavu walichagua, sisi huku Luvungi, bado.

Basi kwetu kazi ile inabebwa na wajumbe wa komite. Na tuseme ukweli: siku ya semina yenye pesa ya usafiri, viti havitoshi. Siku ya kumsikiliza mama aliyerudi kutoka Nyarugusu akakuta shamba lake linalimwa na mwingine, tuko watatu. Mama anaenda bila jibu, na mvua haimngojei.

Sisi watumishi pia tulikosea: katika ripoti tulihesabu semina, hatukuhesabu waliofika.

Tunaomba kitu kimoja: kaye ya majina, isomwe kwa sauti mbele ya wote kila mwisho wa mwezi. Mwenye kukosa mara tatu bila sababu, ampishe mwingine. Kura hatuna bado, lakini macho tuko nayo.