Fedha za Vyama na Madaraja Yetu



Mnamo Desemba 2021, basi lililowabeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na maji ya mto Enziu, huko Mwingi. Zaidi ya watu 30 walifariki. Tangu hapo tumewasikia wenzetu wakiuliza: kwa nini vyama vya siasa vipewe fedha za umma ilhali wananchi wanafia mitoni? Fedha hizo na zitengeneze barabara na madaraja.

Swali hilo ni la haki, wala hatulipuuzi. Hata hivyo, hatuna budi kutenganisha mambo mawili.

Barabara zina mfuko wake. Tangu 1993 tunayo sheria ya ushuru wa mafuta kwa ajili ya kuzitengeneza, na mwaka 2024 ushuru huo ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Kila apandaye matatu huulipa. Tuulize kwanza fedha hizo huishia wapi.

Vyama navyo vilitengewa, kwa Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011, si chini ya asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya kitaifa. Kwa miaka mingi Hazina ilitoa pungufu, hata ikashtakiwa mahakamani.

Tukumbuke 1992. Tulikuwa na vyama vingi, lakini chama chenye mfuko mnono kilikuwa kimoja tu. Noti mpya za shilingi 500 zilimwagwa hata wananchi wakazibandika jina la "Jirongo". Baada ya uchaguzi, bei za bidhaa zilipanda mno. Aliyeuza kura yake aliirudisha fedha ile dukani, aliponunua unga.

Tukivinyima vyama fedha za umma, havitakosa wafadhili. Mwanakandarasi atakuwa wa kwanza kubisha hodi. Daraja la Sigiri, kule Budalang'i, lilianguka Juni 2017 kabla ya kukamilika. Ajali ya namna hiyo inapotokea, twahitaji mbunge awezaye kuuliza maswali bila kumwogopa aliyemlipia kampeni.

Kwa hiyo twapendekeza hivi: chama kisichotoa hesabu zilizokaguliwa kinyimwe fungu lake, na fungu hilo lijenge vivuko. Chama kitakachotoa hesabu kilipwe haki yake kamili. Na wanaosimamia ushuru wa mafuta nao watueleze, kijiji kwa kijiji, ni daraja gani walilolitengeneza.