Usijiangushe Mwenyewe, Mama

   Leo hatutazungumza juu ya choo wala maji ya kuchemsha. Tutazungumza juu ya adui ambaye habishi hodi, kwa maana tayari yuko ndani ya nyumba. Nazungumzia ile tabia ya mtu kujiangusha mwenyewe.

Kujiangusha ni nini? Unajua jambo fulani litakufaa. Unalitaka, na njia ya kulifanya unayo. Hata hivyo unajizuia, halafu unajilaumu kwa kuwa hukulifanya, na kwa sababu umejilaumu sana kesho yake hulifanyi tena. Mtu mwingine hakukuwekea kikwazo. Umejiwekea mwenyewe.

Wacha nikupe mfano ambao sisi wauguzi wa vijijini tunaujua sana, mfano wa kitabu cha kliniki. Mtoto alipata chanjo ya wiki 6 vizuri. Wiki ya 10 ikafika wakati wa kuchuma kahawa, au mvua ikaharibu barabara ya kutoka juu kule Kianjokoma, au pesa ya bodaboda haikupatikana. Siku ikapita. Hapo bado hakuna neno, maana siku humpita mtu yeyote. Shida huanza kesho yake, mama anapofungua kitabu, anaona tarehe, anajiambia, “Nitaenda kusema nini? Nesi atanigombeza mbele ya watu wote.” Anakifunga kitabu. Wiki moja inakuwa mwezi. Aibu ya wiki moja ungeweza kuibeba hadi zahanati, lakini ya miezi minne ni nzito kama gunia. Mwisho chanjo ya wiki ya 14 nayo inapita, na ya surua ya miezi 9, na ile ya miezi 18 ambayo hata wenye kumbukumbu nzuri huisahau.

Sasa niambie, mama huyo hampendi mtoto wake? Anampenda. Hana imani na nafsi yake, basi.

Kwa hiyo nakuambia leo, usikie vizuri: mtoto akichelewa chanjo, kwa kawaida hatuanzi upya. Tunaendelea pale tulipoachia. Ziko chache zenye mpaka wa umri, na nesi atakueleza ni zipi. Kwa hivyo njoo, hata kama umechelewa mwaka. Na kuhusu kugombezwa, sitakudanganya. Wako wahudumu wenye ulimi mkali, na mimi naona ulimi huo umefukuza watoto wengi kutoka kliniki kuliko mvua. Lakini hata ukigombezwa, mtoto atakuwa amepata chanjo yake.

Kujiangusha kuna sura nyingine nyingi. Kuna mama mjamzito aliyepewa tembe za kuongeza damu, tumbo likamsumbua siku mbili, akazificha chini ya godoro badala ya kurudi kuuliza. Kuna anayepika, anapakulia kila mtu, yeye anakula ukoko, ilhali ananyonyesha. Kuna aliyekosa mchango wa chama mwezi mmoja akaacha kabisa kuonekana, hata kanisani anapita njia ya nyuma.

Wengi tumelelewa tukiamini kwamba dawa ya haya yote ni kujisema vikali. Jiite mvivu, jiite mjinga, utaamka. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, Juliana Breines na Serena Chen, walilipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka wa 2012. Waliwapa wanafunzi mtihani mgumu wa maneno. Baadaye kundi moja liliambiwa lisijihukumu vikali kwa kushindwa, kwamba jambo hilo huwapata wengi. Kisha wote wakapewa nafasi ya kusoma kabla ya mtihani wa pili. Waliojihurumia ndio waliosoma kwa muda mrefu zaidi. Wengi tungedhani wangelegea. Kumbe mtu asiyejipiga hubaki na nguvu ya kujaribu tena.

Basi tufanye nini hapa kwetu, katika nyumba ambayo kuna mtoto analia, ng'ombe anangoja majani na sufuria iko jikoni?

Anza na wema mdogo kwako mwenyewe, ule usiohitaji pesa. Ukipakua chakula, jipakulie sahani yako wakati ule ule unaopakulia wengine, na ukae chini ule. Hilo moja tu, kwa mama anayenyonyesha, ni tiba. Ukikosea, jiseme kama ambavyo ungemsema dada yako. Dada yako akikosa kliniki humwambii, “Wewe ni bure kabisa.” Unamwambia, “Twende Jumanne, nitakushikia mtoto.” Jiambie hivyo hivyo, na uitaje siku. Neno “siku moja nitaenda” halina siku ndani yake.

Kisha fanya wema mdogo kwa mtu mwingine, kila siku mmoja. Usitafute mkubwa. Mpelekee jirani aliyejifungua uji wa wimbi kwenye chupa ya chai. Msaidie nyanya anayelea wajukuu kubeba mtungi. Mpeleke mtoto wa mwenzako kliniki pamoja na wako. Kwa nini hili linasaidia anayejiangusha? Kwa sababu mtu anayejidharau huamini hana faida kwa yeyote, na maneno pekee hayamtoi hapo. Lakini akiona chupa yake ya uji imerudishwa tupu na mtu amecheka, ana ushahidi mkononi. Tena mama uliyemsaidia ndiye atakayekuuliza Jumanne, “Mbona hatujaenda?” Wale waliotuzaa walilijua hili zamani, walipokuwa wakilima pamoja shamba la mmoja leo na la mwingine kesho.

Kule Zimbabwe wamelifanya jambo kama hili kuwa huduma ya afya. Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka wa 2006 katika mtaa wa Mbare, Harare, na akina nyanya 14. Walifundishwa kusikiliza na kumsaidia mtu kuchagua tatizo moja la kuanza nalo, wakakaa kwenye benchi nje ya kliniki. Utafiti wao wa watu 573, uliochapishwa mwaka wa 2016, ulionyesha kwamba waliosaidiwa na akina nyanya hao walipungukiwa na dalili za unyong'onyevu wa moyo kuliko waliopata huduma ya kawaida. Sisi hatukosi nyanya. Hatukosi hata wahudumu wa afya ya jamii, wale waliopewa mikoba ya vifaa mwaka wa 2023. Akipita kwako, usimwonyeshe mtoto peke yake. Mwambie na yako.

Sasa shukrani. Kimeru tunasema “ni bwega”, na Kiembu “ni wega”, na ukisikiliza vizuri maneno hayo ni kama kusema “ni vyema”. Kila jioni, kabla hujazima taa, taja mambo matatu yaliyokuwa mema siku hiyo. Yawe madogo na yawe ya kweli. “Mtoto amenyonya vizuri. Mvua imenyesha nikiwa nimeshaanua nguo. Mama fulani amenisalimia kwa jina.” Watoto wakubwa wanaweza kutaja yao wakingoja chakula, utashangaa wanavyoona. Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha utafiti mwaka wa 2003 ambapo watu walioandika mambo ya kushukuru mara moja kwa wiki waliyaona maisha yao kuwa mazuri kuliko walioandika kero zao. Mara moja kwa wiki tu. Kwa hiyo ukisahau leo, usifanye hilo nalo kuwa sababu ya kujiita bure! Endelea kesho.

Hata hivyo kuna shukrani ambayo siikubali. Mwaka wa 2024, kaunti za Pwani zilipopiga marufuku muguka, nyumba nyingi za Mbeere zilikosa usingizi kwa sababu ya karo na deni. Mtu asimwambie mama wa nyumba kama hiyo ashukuru tu na kunyamaza. Njaa hutatuliwa kwa chakula. Na mama anayepigwa asiambiwe ashukuru kwamba ana bwana. Huyo apige simu namba 1195, haina malipo, au aende hospitali iliyo karibu.

Tena kuna wakati kinachoonekana kama kujiangusha ni ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linasema karibu akina mama 13 kati ya kila 100 waliojifungua hupata ugonjwa wa akili, hasa sonona, na katika nchi kama yetu hukaribia 20. Ukiona kwa zaidi ya wiki mbili mama analia bila sababu, halali hata mtoto akilala, hataki kumshika mtoto, au hafurahii lolote, usimpe zoezi la kushukuru peke yake. Mpeleke kliniki, na umwambie nesi mambo hayo waziwazi. Akisema anataka kujidhuru au kumdhuru mtoto, msimwache peke yake hata dakika moja, na mmpeleke hospitali siku hiyo hiyo, iwe Embu, Meru, Chogoria, Maua au yoyote iliyo karibu. Ugonjwa huu una matibabu, na mama hupona akamlea mtoto wake vizuri.

Kwa leo naomba jambo moja tu. Redio ikinyamaza, toa kitabu cha mtoto pale kilipo, ukifungue ukurasa wa chanjo, uangalie tarehe. Ikiwa imepita, chagua siku ya wiki hii, na umtajie jirani siku hiyo. Ikiwa haijapita, mwulize jirani kuhusu kitabu chake, kwa upole.

Wiki ijayo, saa hii hii, tutazungumza juu ya chakula cha mtoto anapofikisha miezi 6: uji uwe mzito kiasi gani, na ndizi na nduma zipondwe vipi.